Kamera Yako: Lori limeondoka, taa zimebaki

Juma lililopita nilipata barua kutoka Isiolo. Aliyeiandika ni msichana wa shule ya sekondari, na jina lake nitalihifadhi kwa kuwa ndivyo alivyoomba. Baba yake ni dereva wa lori. Hupakia mizigo Isiolo mchana, hufunga turubai jioni, na giza linapoanza kuingia hushika barabara ya Moyale. Binti huyu ameziona zile picha za Nairobi usiku ambazo magari hayaonekani kabisa, ila taa zake zimegeuka mito miwili, mmoja mweupe na mwingine mwekundu. Zikampendeza. Akaazima kamera ya mjomba wake, akatoka nje ya mji upande wa kaskazini saa mbili za usiku, akaacha kamera wazi kwa sekunde kumi. Alichopata ni giza tupu lenye kipande cha uzi mwekundu katikati.

Anauliza mambo mawili. La kwanza, amekosea wapi? La pili, je, kuna njia ya kupiga picha ya namna hiyo ikajulikana kwamba hilo ni lori la baba yake, wala si taa za mtu yeyote tu? Desemba hii baba anaacha udereva, kwa hiyo jibu analitaka upesi.

Nilikuwa nimeandaa mada nyingine kwa ajili ya leo. Nimeiweka kando, maana swali la pili ni zuri kuliko anavyodhani mwenyewe, na huenda wewe pia msomaji una baba, mjomba au kaka ambaye kazi yake ni kuondoka usiku.

Tuanze na kamera yenyewe. Unapopiga picha mchana, kile kilango kilicho ndani ya kamera, ambacho wapiga picha hukiita shata, hufunguka na kufungwa upesi kuliko kupepesa jicho, labda kwa sehemu moja ya mia mbili ya sekunde. Gari linalokwenda mbio hukamatwa papo hapo kana kwamba limegandishwa. Usiku mwanga ni haba, kwa hiyo tunaiacha shata wazi sekunde kumi, ishirini au hata dakika nzima ili mwanga ujikusanye, kama mtungi uliowekwa chini ya bomba linalodondosha. Sasa fikiri yatakayotokea. Jengo, nguzo ya stima na mnara wa msikiti havisogei. Tone baada ya tone, mwanga wao unaangukia mahali pale pale, na mwisho wake vinaonekana wazi. Lori linalopita halikai mahali pamoja. Bodi yake, ambayo haina mwanga wake yenyewe, inagusa kila mahali kwa muda mfupi mno, kisha inakwenda zake, na pale ilipokuwa panarudia giza lile lile. Lakini taa zake ni kali. Hata huo muda mfupi unatosha kuacha alama, na alama zikifuatana zinakuwa mstari.

Jambo hili lilionekana tangu utoto wa upigaji picha. Mwaka wa 1838 Mfaransa Louis Daguerre alielekeza kamera yake, kutoka dirisha la juu jijini Paris, kwenye barabara iitwayo Boulevard du Temple. Ilikuwa barabara ya shughuli nyingi, watu na magari ya farasi tele. Lakini sahani alizotumia zilihitaji dakika kadhaa kupokea mwanga, na katika dakika hizo wote waliokuwa wakienda walifutika. Barabara ikatoka tupu kama mji uliohamwa. Aliyebaki ni mtu mmoja aliyesimama pembeni, mguu mmoja ameuinua, aking'arishiwa viatu. Husemwa kwamba huyo ni miongoni mwa binadamu wa kwanza kabisa kuonekana katika picha, na heshima hiyo aliipata kwa sababu tu viatu vyake vilikuwa vichafu. Mweke akilini mtu huyo. Tutamhitaji tutakapofika kwa baba.

Haya, binti alikosea wapi? Kamera haina lawama. Kosa la kwanza ni saa. Saa mbili za usiku nje ya mji hakuna kilichobaki cha kuonekana ila taa. Isiolo iko karibu kilomita 40 tu kaskazini mwa Ikweta, ile inayopita Nanyuki, na huku kwetu jua halichelewi kuaga. Huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima, Desemba ikiwa karibu saa kumi na mbili na nusu, na nusu saa baadaye ni giza. Wazungu wa nchi za mbali wana jioni za saa mbili nzima. Sisi tuna dakika chache, na ndizo zenye picha. Jua likishazama, subiri kama dakika ishirini. Mbingu itakuwa ya buluu nzito, madereva watakuwa wamewasha taa, na bado utaiona mipaka ya vilima, paa za mabati na miti. Wakati huo ndio wa kupiga. Uwe umeshasimika kamera na kupanga kila kitu mapema, maana ukianza kutafuta stendi jua likishazama, utamaliza kuifungua usiku umekwisha kuingia.

Kosa la pili ni hesabu. Lori lililojaa, likienda kilomita 50 kwa saa, hupita mita 14 hivi kila sekunde. Kwa sekunde kumi limekwenda mita 140. Ikiwa mbele ya kamera unaona kilomita nzima ya barabara iliyonyooka, mita 140 ni kipande tu cha uzi, na ndicho alichokipata. Ili mstari uanze mwanzo wa picha na kuishia mwisho, lori hilo linahitaji sekunde sabini na zaidi. Kwa hiyo kabla ya kupiga lolote, simama utazame gari moja likipita kutoka upande mmoja wa picha yako hadi wa pili, na uhesabu polepole. Hiyo hesabu ndiyo muda wako.

La tatu si kosa la mtu. Kwenye Barabara ya Thika jijini Nairobi huna haja ya kungoja. Kwa sekunde kumi yamepita magari yasiyohesabika, nawe unapata mto. Isiolo inaweza kupita dakika nzima pasipo gari. Ni kweli kwamba barabara imebadilika sana. Wenye umri wanakumbuka lami ilipokuwa ikiishia Isiolo, na kutoka hapo kwenda Marsabit na Moyale ni changarawe, vumbi na misafara ya kulindwa na askari kwa hofu ya majambazi. Abiria walikaa juu ya malori ya ng'ombe wakishikilia vyuma. Ujenzi wa kipande cha kwenda Merille ulianza mwaka wa 2007, na ilipofika mwaka wa 2017 lami ilikuwa imefika hadi mpakani Moyale, mwendo wa karibu kilomita 500. Hata hivyo, njia ya kaskazini bado si Barabara ya Thika.

Kwa barabara ya namna hiyo kuna mbinu ya zamani, nayo haihitaji hata senti. Inaitwa mbinu ya kofia. Weka kamera yako kwenye alama ya B, ambayo huiacha shata wazi kwa muda wote unaotaka. Zile Zenit za Urusi na Pentax K1000 ambazo wapiga picha wengi wa mitaani walizitegemea zamani zilikuwa na alama hiyo, na kamera nyingi za kisasa zinayo pia. Fungua shata gari linapoingia kwenye picha. Likishapita, usifunge. Ziba lenzi kwa kofia nyeusi nzito au kipande cha kadibodi kilichopakwa rangi nyeusi, bila kuigusa. Ngoja. Gari la pili likija, ondoa kofia. Likipita, rudisha. Magari matatu au manne yatakaa kwenye picha moja, na ile mbingu haitapata mwanga kupita kiasi kwa sababu muda wa kungoja kamera haikuona kitu. Kofia nyeupe ya kitambaa chepesi haifai, mwanga utapenya. Nakiri kwamba picha hiyo itaonyesha barabara yenye shughuli kuliko ilivyokuwa. Mimi sioni ubaya, mradi ukiionyesha kwa watu useme ni magari manne ya robo saa nzima.

Sasa sikiliza jambo linalowapotosha wengi, hata wenye kamera za bei. Taa zikitoka hafifu, mtu huongeza sekunde. Haisaidii. Gari linapita mahali fulani mara moja tu, na hata ukiacha kamera wazi saa nzima, taa zake hazirudi kupita hapo tena. Ukali wa mstari unatokana na ukubwa wa tundu la lenzi, ISO uliyoiweka, na kasi ya gari lenyewe. Sekunde zinabadilisha kile kisichosogea, yaani mbingu, nyumba na milima. Basi kama mistari imeungua ikawa meupe matupu yasiyo na rangi, punguza tundu, toka f/8 nenda f/11 au f/16. Kama mistari ni mizuri lakini mji haupo, hapo ndipo pa kuongeza sekunde. Kwa kuanzia jaribu ISO 100, tundu la f/11 na sekunde 30, kisha utazame ulichopata na usahihishe. Wachache ambao bado wanatumia filamu wakumbuke kwamba filamu huchoka ikiachwa wazi muda mrefu, kwa hiyo wazidishe muda kidogo kuliko hesabu inavyosema.

Mwenye simu asivunjike moyo. Simu nyingi zina sehemu ya Pro ndani ya kamera, na humo utaweza kuchagua sekunde na ISO. Shida yake ni kwamba tundu la lenzi ya simu kwa kawaida halipunguzwi, nalo ni kubwa. Jioni yenye buluu sekunde kumi zitakuletea karatasi nyeupe. Weka ISO ya chini kabisa, ngoja giza lizidi kidogo, na ujaribu sekunde mbili au nne. Bado ni nyeupe? Chukua miwani ya jua uweke kioo chake mbele ya lenzi. Rangi itabadilika kiasi, lakini utapata picha.

Iwe simu au kamera, isiguswe wakati wa kupiga. Stendi ya miguu mitatu ni bora. Asiye nayo ajaze mchanga au maharagwe katika mfuko, auweke juu ya ukuta na kulaza kamera juu yake. Tumia ile saa ya kuchelewesha ya sekunde mbili ili kidole chako kisitikise. Na Isiolo kuna upepo. Ning'iniza begi lako katikati ya stendi liivute chini. Flashi izime kabisa. Haifiki mbali, na inamtia dereva upofu.

Hapo nataka uniangalie vizuri, kwa maana picha haina thamani ya mguu wa mtu. Usisimame kwenye kona, wala penye daraja jembamba, wala ukingoni mwa lami. Dereva anayetoka giza hakutarajii. Usiende nje ya mji peke yako usiku kama alivyofanya mwandishi wetu, na kumuudhi nitamuudhi, lakini hilo la kwenda peke yake ndilo kosa kubwa kuliko yote matatu. Nenda na kaka, au mjomba mwenye kamera. Isiolo pia ni mji wenye kambi za jeshi, na maeneo hayo yamekatazwa kupigwa picha; stendi na lenzi ndefu jioni karibu na ua la kambi vitakuletea maswali usiyoyataka. Vizuizi vya polisi ni vivyo hivyo. Mahali pazuri kuliko pote ni paa la ghorofa katikati ya mji. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba, mweleze unachofanya, na ukimaliza mwonyeshe.

Ukiwa juu hapo utaanza kusoma mistari kama maandishi. Kwa kuwa Kenya tunaendesha kushoto, ukitazama barabara kwa urefu wake, upande wa kushoto wote ni mwekundu, magari yanakuacha. Upande wa kulia ni mweupe, yanakujia. Gari likipanda tuta, mstari wake nao unapanda na kushuka, na utajua ni nani aliyelipanda taratibu na ni nani aliyeruka. Indiketa huacha nukta za manjano zilizopangwa kama shanga. Baadhi ya taa za kisasa za nyuma huzima na kuwaka upesi mno jicho lisione, lakini kamera inaona, na mstari wake unakatika katika kama ulioshonwa kwa mkono. Lori refu lina taa za ubavuni, kwa hiyo lenyewe huandika mistari mingi kwa mpigo. Bodaboda ana mmoja tu, nao unayumba. Na ukipata mahali pa salama panapoona barabara inayoteremka kutoka Subuiga, tazama malori yaliyojaa yanavyoshika breki. Mstari mwekundu unakuwa mnene ghafla, kisha unakonda tena.

Ukielekea kaskazini usiku usio na mwezi kuna zawadi nyingine. Kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, ule upande wa mbingu ambao nyota huzunguka uko chini kabisa, kwenye upeo wa macho. Barabara ya kwenda Archers Post inaelekea karibu huko huko. Acha kamera wazi saa nzima na kila nyota itachora kipande kifupi cha duara juu ya upeo, kushoto kidogo ya barabara. Lakini hiyo ni ya siku nyingine, na ya uani kwako, si ya porini.

Sasa tuje kwa baba.

Binti yangu, shida yako ni hii: lori la baba likipita mbele ya kamera linafutika kama walivyofutika watu wa Paris. Taa zitakazobaki ni kama za lori lolote. Dawa yake ni kumfanya baba kwanza awe yule mtu wa viatu. Asimame. Halafu ndipo aende.

Zungumza naye mapema. Usifanye hivi barabarani. Tafuta uwanja wanakopakia, au kituo cha petroli ambacho mwenyewe ameridhia, mahali ambapo lori litatoka na kuingia barabarani mbele ya macho yako. Wewe uwe upande wake wa kulia, nyuma kidogo, uuone mlango wa dereva na pia njia atakayoifuata. Uwe mbali na njia ya magurudumu, na utingo ajue ulipo. Angalia pia nyuma ya lori kuna nini. Pakiwa na ukuta wenye taa kali, lori litatoka kama moshi na ukuta utaonekana kupitia ubavuni mwake. Pakiwa na giza au mbingu ya jioni, lori litakaa imara.

Injini iwe imezimwa, kwa sababu ikiunguruma kibanda kinatetemeka na sura ya baba itatetemeka nacho. Taa zote zimezimwa. Baba amekaa kwenye usukani, dirisha limeshushwa, ametulia. Fungua shata kwenye alama ya B. Kwa sekunde kumi na tano asijitikise. Katika hizo, mjomba wako apitishe mwanga wa tochi polepole kwenye mlango, kwenye uso wa baba, na kwenye lile jina la lori lililoandikwa juu ya kioo cha mbele kama linaonekana kutoka ulipo. Tochi isikae mahali pamoja, na mjomba asikae kati ya tochi na kamera. Hapo ndipo watu watakapojua ni lori la nani.

Kisha ziba lenzi kwa kofia. Mpe ishara. Awashe injini, awashe taa, utingo apande, mambo yote ya safari yaishe huku kamera imefumba macho. Lori likianza kusogea, ondoa kofia. Litatoka kwenye ule mwili wake lililouacha hapo, taa zitavuta mstari kutoka mlangoni hadi barabarani, na kutoka barabarani kwenda kaskazini. Usifunge shata mapema kwa pupa. Acha taa nyekundu ziende mpaka zipotee zenyewe, uhesabu moja, mbili, tatu, ndipo ufunge.

Fanya mazoezi siku moja kabla, hata kwa bodaboda wa jirani, kwa sababu baba akishaondoka hutapata nafasi ya kurudia mpaka arudi kutoka Moyale, na mwendo huo wa kwenda na kurudi ni kilomita elfu moja. Na ukifaulu, chapisha nakala mbili. Moja ikae nyumbani. Ya pili mpe utingo, kwa sababu naye yumo humo ndani ingawa hataonekana.

Juma lijalo tutazungumzia vumbi lililoingia ndani ya lenzi, maana barua za Garissa na Lodwar juu ya jambo hilo zimerundikana mezani.